Mwongozo kamili wa kutuma nguo chache nje ya nchi bila mzigo kukwama forodhani

Ujumbe ninaoupokea kutoka kwa mafundi na wauzaji wa nguo unafanana sana. Mzigo umefika London au Frankfurt, forodha wanataka maelezo, mteja kaambiwa alipe kodi ambayo hakuitarajia, amegoma, na sasa mzigo unarudishwa Dar es Salaam. Mara nyingi nguo zenyewe hazina kasoro. Kasoro iko kwenye fomu iliyojazwa haraka haraka kaunta, kwa kalamu ya kuazima, foleni ikisukuma nyuma.

Ofisa wa forodha wa ng'ambo hafungui kila katoni. Anasoma karatasi. Isipomweleza nguo ni ya aina gani, ya kitambaa gani, imeshonwa wapi na imeuzwa kwa bei gani, anausimamisha mzigo hadi apate majibu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inafanyika dukani kwako, kabla hujafika Posta.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: fundi wa Dar es Salaam anatuma nguo 12 za kitenge kwa mwenye duka dogo Birmingham, Uingereza. Ni magauni 6, mashati 4 ya kiume, na seti 2 za blauzi na sketi. Wanaotuma Umoja wa Ulaya, Marekani au Ghuba watakuta mambo yao mbele kidogo, lakini hatua za msingi ni zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- TIN na leseni ya biashara yako.
- Risiti za kitambaa, ikiwezekana za EFD. Usizitupe hata baada ya nguo kuuzwa.
- Jina kamili la mpokeaji, anwani yenye postikodi, namba ya simu na baruapepe anayoifungua kila siku.
- Namba ya EORI ya mpokeaji (namba inayomtambulisha mfanyabiashara forodhani), kama ananunua kwa ajili ya biashara.
- Mizani ya kidijitali na futi ya fundi.
- Lebo za kushonea ndani ya nguo.
- Katoni mpya ya tabaka mbili, solotepu pana na karatasi nyepesi za kufungia.
- Simu yenye kamera nzuri.

Kama hujapata EORI ya mteja, usianze kufungasha. Mwenye duka wa Uingereza anaiomba mtandaoni kwa mamlaka ya kodi ya huko, HMRC, bila malipo, na yake itaanza na herufi GB. Bila namba hiyo, kampuni ya usafirishaji haina jina la kumwingizia mzigo wa kibiashara.

## Hatua ya 1: Kubalianeni nani analipa kodi, na kiasi gani

Hapa ndipo mizigo mingi inapofia, na inafia kabla haijashonwa. Muuzaji anataja bei ya nguo na nauli, mteja anadhani amemaliza, kisha anapigiwa simu na msafirishaji.

Kuna namna mbili za kupatana. Ukiuza kwa masharti ya DAP, wewe unalipa nauli hadi mlangoni kwake na yeye analipa ushuru na VAT. Ukiuza kwa DDP, unalipa kila kitu wewe. Kwa anayeanza nashauri DAP, kwa sababu kodi ya nchi usiyoijua ikikosewa, chini ya DDP hasara yote ni yako.

Kisha mpigie mteja hesabu yenyewe. Kwa Uingereza, mzigo wenye thamani ya hadi pauni 135 hautozwi ushuru wa forodha. VAT ya 20% ipo hata hivyo, na kwa mauzo ya moja kwa moja kwa mtu binafsi, muuzaji ndiye anayetakiwa kusajiliwa huko na kuikusanya anapouza. Juu ya pauni 135, ushuru na VAT vinatozwa mzigo unapoingia. Ushuru wa nguo nyingi ni 12%.

Mzigo wetu: magauni 6 kwa pauni 30 ni 180, mashati 4 kwa pauni 20 ni 80, seti 2 kwa pauni 35 ni 70. Jumla pauni 330. Nauli tuseme ni pauni 80. Ushuru unapigwa juu ya bei pamoja na nauli, yaani pauni 410:

- Ushuru 12%: pauni 49.20
- VAT 20% ya 459.20: pauni 91.84
- Jumla: pauni 141.04

Sasa angalia tofauti. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo Uingereza inaziruhusu kuingiza bidhaa bila ushuru kupitia mpango wake wa biashara na nchi zinazoendelea, DCTS, ulioanza Juni 2023. Ukitimiza masharti ya asili ya bidhaa (hatua ya 4), ushuru unakuwa sifuri na VAT inapigwa juu ya 410 tu: pauni 82. Mteja ameokoa pauni 59.04 kwa tamko moja lililoandikwa vizuri. Juu ya hapo kuna ada ya msafirishaji ya kushughulikia forodha, ambayo mteja aiulize mapema.

Kama unatuma nguo za watoto wadogo, fahamu kwamba Uingereza inazitoza VAT ya sifuri. Ziandike kwenye mstari wake pamoja na umri, la sivyo zitahesabiwa kama za watu wazima.

Hatua imekamilika pale mteja anapokujibu kwa maandishi, WhatsApp inatosha, kwamba ameiona hesabu na anakubali kulipa. Ihifadhi picha ya jibu hilo.

## Hatua ya 2: Ipe kila nguo namba yake ya HS

Namba ya HS ni lugha ya forodha dunia nzima. Tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile Dar es Salaam, Mombasa, Hamburg na New York. Ukiandika "clothes" peke yake umemwachia ofisa akisie, naye hana sababu ya kukisia kwa faida yako.

Jiulize maswali matatu kwa kila nguo.

Kitambaa kimefumwa au kimesukwa kwa vitanzi? Kitenge, kanga, denimu na lineni ni vitambaa vya kufumwa: nyuzi zinapishana wima na mlalo. Nguo zake ziko sura ya 62 ya orodha ya HS. Fulana na sweta ni za vitanzi, ziko sura ya 61. Ukiwa na shaka, kuza kamera ya simu karibu na kitambaa. Vitanzi vinaonekana kama safu za herufi V.

Ni pamba kweli? Usiamini maandishi ya ukingoni mwa gora. Kuna vitenge vya poliesta vyenye maneno ya kifahari pembeni, na mkononi vinadanganya. Chomoa nyuzi chache kwenye posho ya mshono, zishike kwa kibano juu ya beseni la maji, uziwashe. Pamba inawaka upesi, inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi ambacho hakivunjiki kati ya vidole. Subiri kipoe kabla ya kukigusa. Viskosi nayo inaungua kama pamba, kwa hiyo kitambaa laini kinachoning'inia sana muulize muuzaji wake.

Ni ya kiume au ya kike? Hili linawachanganya wanaoshona mashati ya kuvaliwa na wote. Kanuni ya sura ya 62 ni ya vifungo: upande wa kushoto ukilalia wa kulia, nguo ni ya kiume; wa kulia ukilalia wa kushoto, ni ya kike, isipokuwa mkato wenyewe uonyeshe wazi vinginevyo. Isiyotambulika inahesabiwa ya kike.

Baada ya hapo namba zinapatikana bila taabu:

- Gauni la pamba la kufumwa: 6204.42
- Gauni la nyuzi za sintetiki kama poliesta: 6204.43
- Sketi ya pamba: 6204.52
- Suruali ya kike ya pamba: 6204.62
- Seti ya blauzi na sketi ya pamba: 6204.22
- Shati la kiume la pamba: 6205.20
- Blauzi ya pamba: 6206.30
- Fulana ya pamba: 6109.10
- Mkoba wa mkononi wa kitambaa: 4202.22

Seti ina sharti lake. Vipande vyote viwe vya kitambaa kilekile, rangi ileile, saizi zinazoendana, na viuzwe pamoja. Blauzi nyeupe ukiiambatanisha na sketi ya kitenge, hizo ni nguo mbili zenye namba mbili.

Kwa uhakika wa tarakimu zinazofuata baada ya sita, ingia kwenye jedwali la ushuru la nchi unayotuma. Lile la Uingereza liko wazi mtandaoni, unaandika namba na kusoma kiwango.

Onyo: kitenge kisichoshonwa si nguo. Ukimtumia mteja yadi sita za kitambaa, zinaingia sura ya 52, na masharti yake ya asili ni tofauti kabisa.

Hatua imekamilika ukiwa na karatasi yenye mistari mitatu tu kwa mzigo wetu: magauni 6204.42, mashati 6205.20, seti 6204.22.

## Hatua ya 3: Shona lebo kabla ya kupiga pasi ya mwisho

Lebo ya jina lako la biashara haitoshi. Nchi nyingi zinataka nguo ieleze nyuzi zake kwa asilimia. Andika kwa uchache: mchanganyiko wa nyuzi ("100% cotton"), nchi ("Made in Tanzania"), saizi, na maelekezo ya kufua. Uingereza na Umoja wa Ulaya wanalazimisha ya nyuzi. Marekani inataka nyuzi, nchi, mtengenezaji au muuzaji anayewajibika, na ufuaji.

Kwa Marekani hata mahali panahesabika. Nguo yenye shingo inatakiwa kuonyesha nchi ndani ya ukosi, katikati ya mishono miwili ya mabega. Ukiishona ubavuni ofisa ana haki ya kusema hakuiona.

Batiki inahitaji jambo moja zaidi. Hakikisha nta imetoka yote kwenye maji ya moto. Nta iliyobaki inalainika ndani ya katoni, inaacha madoa ya mafuta kwenye nguo ya jirani, na lebo za karatasi zinanata.

Nguo za watoto zisiwe na kamba za kuvuta shingoni au kwenye kofia. Masoko makubwa yanazihesabu kuwa hatari ya kumnyonga mtoto, na mzigo unaweza kuzuiwa kwa kamba hizo tu.

## Hatua ya 4: Thibitisha kwamba nguo ni ya Tanzania

Swali linaloulizwa sana: kama kitenge kimetoka China au India na nikakinunua Kariakoo, je, gauni langu ni la Tanzania?

Kwa Uingereza na Umoja wa Ulaya, ndiyo, endapo kitambaa kimekatwa na kushonwa Tanzania. Kwa nchi zilizo kwenye kundi la zenye maendeleo duni zaidi, ambamo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo, sharti la nguo ni kutengenezwa kuanzia kitambaa. Ushonaji wako unatosha kuipa nguo asili mpya. Hii ni nafasi kubwa kwa fundi mdogo na inanisikitisha kuona wengi wanalipiwa ushuru wa 12% kwa kutoijua.

Lakini yadi za kitenge cha China ambazo hazijakatwa zinabaki za China, hata ukizifunga vizuri namna gani na kuweka jina la duka lako. Usizitungie asili. Vilevile nguo iliyoshonwa nje na wewe ukaongeza vifungo tu haibadiliki.

Kenya haimo kwenye kundi hilo. Msomaji wa Nairobi au Mombasa anatumia makubaliano ya Kenya na Uingereza, yaliyoanza 2021, au yale ya Kenya na Umoja wa Ulaya yaliyoanza kutumika Julai 1, 2024, na asome masharti ya humo.

Namna ya kuthibitisha: kwa mzigo unaokwenda Umoja wa Ulaya wenye thamani isiyozidi yuro 6,000, muuzaji yeyote anaweza kuandika tamko la asili kwenye ankara yake mwenyewe. Ukizidi hapo lazima uwe umesajiliwa kwenye REX, mfumo wa Umoja huo wa kusajili wauzaji wa nje. Uingereza nayo inakubali tamko kwenye ankara. Maneno ya tamko yamepangwa kisheria, kwa hiyo yanakili neno kwa neno kutoka kwenye tovuti ya serikali husika. Usiyatafsiri wala kuyafupisha. Cheti cha asili kwa masoko mengine kinatolewa na TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo ya Tanzania, nao watakuomba uonyeshe ulivyotengeneza. Hapo ndipo zile risiti za kitambaa zinapofanya kazi, pamoja na picha za nguo zikiwa mezani kwa fundi.

Jambo linalosahaulika: tamko halijitekelezi lenyewe. Mwambie msafirishaji kwa maandishi kwamba mzigo unadai unafuu wa asili, yaani ushuru sifuri kwa kuwa nguo ni ya Tanzania, na mteja amwambie hivyohivyo upande wa pili. Asipoambiwa, atajaza kiwango cha kawaida na kuendelea na mzigo unaofuata.

## Hatua ya 5: Andika ankara inayojieleza

Ankara ya biashara ndiyo karatasi inayosomwa na kila mtu njiani. Iandike kwa Kiingereza, kwa kompyuta au kwa herufi kubwa zinazosomeka, na uitoe nakala tatu. Iwe na:

- Jina, anwani, simu na TIN yako.
- Jina, anwani, simu na EORI ya mnunuzi.
- Namba ya ankara na tarehe.
- Mstari mmoja kwa kila aina ya nguo.
- Masharti ya kuuzia, DAP au DDP, pamoja na jina la mji.
- Nauli kwenye mstari wake, isichanganywe na bei ya nguo.
- Uzito wa nguo na uzito wa mzigo mzima.
- Tamko la asili, jina lako na sahihi.

Mstari wa nguo uandikwe hivi: "Women's dress, woven, 100% cotton, printed, HS 6204.42, made in Tanzania, 6 pcs, GBP 30.00 each, GBP 180.00". Linganisha na "African dresses, 6". Wa kwanza unajibu kila swali la ofisa. Wa pili unamlazimisha aandike barua.

Bei iwe ileile mteja aliyolipa. Naelewa kishawishi cha kuandika dola 5 kwa gauni la pauni 30, na wapo wateja wanaoomba kabisa. Kataa. Ofisa anaweza kufungua ukurasa wako wa Instagram na kuiona bei, na anaweza kuomba uthibitisho wa malipo. Akigundua, mzigo unakadiriwa upya na jina lako linabaki kwenye kumbukumbu zao. Mzigo ukipotea nao, fidia itafuata ile dola 5 uliyoitangaza.

Kadhalika neno "gift". Kwenye fomu ya posta kuna visanduku vya zawadi, sampuli, bidhaa iliyouzwa na vinginevyo. Umeuza, weka alama kwenye "sale of goods". Zawadi ni ya mtu kwa mtu bila malipo, na Uingereza inaisamehe VAT hadi pauni 39 tu, kwa hiyo hata uongo huo usingeusaidia mzigo wa nguo 12.

Kwa sampuli halisi, zile za kumwonyesha mnunuzi kabla hajaagiza, toboa nguo mahali panapoonekana au piga muhuri wa kudumu "SAMPLE" isiweze kuuzwa, kisha ieleze hivyo kwenye ankara.

Hatua imekamilika ukimpa ankara mtu ambaye hajaziona nguo naye akaweza kukueleza zikoje.

## Hatua ya 6: Fungasha na upime mwenyewe

Nguo ziingie zikiwa kavu na zimepoa. Joto la pasi likifungiwa ndani kwenye unyevu wa Dar linageuka maji, na ukungu unaanza kabla ndege haijaruka. Piga pasi jioni, fungasha asubuhi.

Viringisha magauni kwa karatasi nyepesi, panga mazito chini, usiache nafasi tupu. Mifuko ya rambo haifai na ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019. Nguo iliyopambwa kwa kauri, manyoya au ngozi itenge kwanza, uulize vibali. Magamba ya kasa na pembe za ndovu usiyaweke kabisa. Nguo zenye nembo za kampuni maarufu ambazo huna ruhusa nazo, au jezi za kuiga, zinakamatwa na kuharibiwa.

Sasa pima. Wasafirishaji wa haraka kama DHL, FedEx na UPS wanalinganisha uzito wa mizani na uzito wa ukubwa, wanatoza ulio mkubwa. Hesabu yake ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha ugawe kwa 5,000.

Nguo zetu 12 zina takriban kilo 5, na katoni kilo 5.6. Ukizitia kwenye katoni ya 45 × 35 × 20, ukubwa ni 31,500, sawa na kilo 6.3. Ukikata kimo kifike 16, ni 25,200, sawa na kilo 5.04, na sasa utatozwa kwa mizani. Kisu na dakika chache vimekuokolea kilo 0.7 kwenye uzito wa kutozwa.

Piga picha tatu: nguo zikiwa zimepangwa, katoni ikiwa wazi na karatasi juu, katoni ikiwa juu ya mizani. Usiifunge bado.

## Hatua ya 7: Chagua njia

EMS, huduma ya haraka ya Posta, mara nyingi ni nafuu kuliko kampuni binafsi, na inafika hata vijijini. Utajaza CN23, fomu ya forodha ya posta, yenye mistari ileile ya ankara. CN22 ile ndogo ni ya vifurushi vya hadi kilo 2 vyenye thamani ndogo. Kwa mzigo wa duka usiikubali. Udhaifu wa njia hii ni kwamba kudai unafuu wa asili ni kugumu, maana hakuna wakala anayekaa na ankara yako.

Kampuni za haraka ni ghali, lakini zinashughulikia forodha pande zote mbili na kumpigia mteja simu. Kwa mzigo wetu wa pauni 330 unaodai ushuru sifuri, ningechukua njia hii. Omba bei kwa zaidi ya moja, na uulize kama ina nyongeza ya mafuta.

Shehena ya ndege inaanza kuwa na maana mzigo unapofika makumi ya kilo. Utahitaji wakala huku na wakala kule, na mteja asiye na wakala wake ataumia kwa gharama za uwanjani.

Kuna pia "abiria anayesafiri". Mtu anayebeba mzigo wa biashara kama mizigo yake binafsi anatakiwa kuutangaza akifika, na asipofanya hivyo nguo zinaweza kuchukuliwa huku jina lake likiharibika. Usimwombe ndugu yako.

## Hatua ya 8: Toka Tanzania kihalali

Mzigo wa biashara unaotoka unatangazwa kwa TRA kupitia mfumo wa dirisha moja wa kielektroniki, na anayeingiza tamko ni wakala wa forodha mwenye leseni. Kampuni za haraka nyingi zina kitengo chao. Uliza mapema kama gharama hiyo imo kwenye nauli.

Peleka katoni ikiwa wazi, maana ofisa anaweza kutaka kuona. Bidhaa zinazouzwa nje zinatozwa VAT ya sifuri nchini. Kama umesajiliwa VAT, nakala ya tamko la kutoka ndiyo ushahidi wako. Idai, usiondoke na risiti ya nauli pekee.

Kabla ya kuondoka kaunta soma anwani kwa sauti, herufi kwa herufi. Kisha angalia namba ya ufuatiliaji: ya EMS ya Posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, na inaishia na TZ.

## Hatua ya 9: Fuatilia, na ujibu siku hiyohiyo

Mtumie mteja namba ya ufuatiliaji pamoja na ankara kwa baruapepe kabla mzigo haujafika kwake. Forodha wakimuuliza, awe na karatasi ileile uliyo nayo wewe.

Ukiona hali imebaki "held by customs" bila kusogea, usisubiri. Mpigie msafirishaji, uulize maneno matatu: wanataka karatasi gani, kutoka kwa nani, na mwisho ni lini. Mara nyingi ni uthibitisho wa malipo, EORI, au maelezo ya kitambaa. Vyote unavyo. Mizigo iliyokwama hutozwa gharama ya kuhifadhiwa, na ikipita muda hurudishwa au kuteketezwa.

## Yanayobadilika kwa Ulaya, Marekani na Ghuba

Umoja wa Ulaya. Tangu Julai 1, 2021 hakuna tena kifurushi cha biashara kinachopita bila VAT. Viwango vinatofautiana: Ujerumani 19%, Ufaransa 20%, Uholanzi 21%, Swideni 25%. Nguo za Tanzania zinaingia bila ushuru chini ya mpango wa "kila kitu isipokuwa silaha", kwa tamko lile la hatua ya 4. Lebo ya nyuzi iwe kwa lugha ya nchi inakouzwa. Na tangu Desemba 13, 2024, sheria ya usalama wa bidhaa inataka awepo mtu au kampuni ndani ya Umoja huo anayewajibika, jina na anwani yake vikiwa kwenye bidhaa au kifungashio. Kama unauza kwa duka, omba duka hilo libebe jukumu hilo na mliandike.

Marekani. Msamaha wa vifurushi vya hadi dola 800 ulifungwa kwa nchi zote Agosti 29, 2025. Kila nguo sasa inahesabiwa. Viwango vya kawaida vinatofautiana sana kwa aina ya nguo: gauni la pamba la kufumwa 8.4%, shati la kiume la pamba 19.7%, na nyongeza za ushuru zimekuwa zikibadilika, kwa hiyo angalia jedwali lao wiki unayotuma. Kwa nguo wanataka pia namba ya utambulisho wa mtengenezaji, inayoundwa kwa nchi, jina, anwani na mji wa yule aliyeshona. Iwe ya karakana, si ya dalali. Uliza Posta kama wanapokea mzigo wa huko kabla ya kufungasha.

Ghuba. Oman na Falme za Kiarabu ni soko la karibu kwa magauni na mabaibui ya kwetu. Ushuru wa pamoja wa nchi za Ghuba kwa bidhaa nyingi ni 5%, na VAT ya nchi hizo mbili ni 5%. Saudia ni 15%. Huko wanasisitiza cheti cha asili kuliko tamko la ankara, kwa hiyo pita TCCIA kwanza.

## Mzigo ukirudi

Usiupokee kama kifurushi cha kawaida. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki umeweka nguo kwenye kundi la 35%, na mzigo unaorudi bila ushahidi unaweza kuhesabiwa kama bidhaa mpya inayoingizwa. Mpelekee ofisa wa TRA nakala ya tamko la kutoka, ankara ya awali, namba ya ufuatiliaji ya kwenda na ya kurudi, na zile picha tatu za kufungashia, aone kwamba ni nguo zilezile na hazijabadilishwa.

Kisha soma sababu ya kurudishwa iliyobandikwa kwenye katoni. Ikiwa ni mpokeaji kutolipa, rudia hatua ya 1 na mteja huyohuyo kabla ya kutuma tena. Ikiwa ni maelezo hayakutosha, andika ankara upya yenye namba mpya na tarehe mpya, na ubandue stika zote za safari ya kwanza. Mashine ikisoma msimbo wa zamani, katoni inaanza kurudi tena.